Mhuri wa Dirisha la Tatu

Kagendo, aliyechukua chumba changu cha kliniki ya wajawazito nilipostaafu, alinipigia simu katika wiki yake ya pili kazini. Hakutaka ushauri. Alitaka kujua kwa nini vitabu vya kliniki vya wasichana wengi vina mhuri wa zambarau kwenye jalada la nyuma, mhuri wa duara unaosema IMEPOKELEWA, wakati hakuna mwongozo wowote unaoutaja. Nilimwambia asubiri, nitaandika. Akasema basi niandike na mengine, kwa sababu wenzake wapya nao wanauliza. Haya ndiyo mengine, na mhuri utafika kwa zamu yake.

Habari za vyeo sitaziandika. Nilianza nikiwa muuguzi, nikamaliza nikiwa muuguzi mwenye funguo nyingi zaidi.

Nilizaliwa Ruiri, upande wa Meru, kwenye vumbi na ng'ombe wa baba, na kabla ya kupewa barua ya kazi nilikuwa nimefika Embu mara mbili tu. Kituo chetu cha afya kiko kati ya Majimbo na Dallas. Mitaa hiyo ya Embu ina nyumba za kila aina, lakini wanaotujia sisi hutoka kwenye ploti za chumba kimoja kimoja, zenye bomba moja la maji kwa milango kumi au kumi na miwili. Siku yangu ya kwanza nilipelekwa kliniki ya wajawazito. Benchi lilikuwa limejaa. Nilipotokea mlangoni, mwanamume mwenye koti jeupe, wanawake watano walikumbuka kwa pamoja kwamba wameacha chakula motoni. Nilikwenda kwa Sista Igoki, mkuu wa kliniki, nikamwomba anihamishie chumba cha kufunga vidonda.

“Wewe umetoka Meru?” aliniuliza.

“Ndio, Sista.”

“Na kule Meru, haya matumbo huwa inaletwa na akina nani?”

“Wanaume, Sista.”

“Hata hapa ni hivyo hivyo. Hakuna tumbo kwa hiyo benchi iliwekwa na mwanamke. Rudi ukae. Watakuzoea.”

Walinizoea baada ya miezi saba hivi. Kimeru changu kiliwachekesha, na mtu anayekuchekesha humwogopi sana. Waliniita daktari, cheo ambacho serikali haikuwahi kunipa, nami sikuwasahihisha.

Sista Igoki alikuwa mfupi, mkavu wa maneno, na hakuwahi kunifundisha kitu akiwa amekaa. Wiki ya kwanza alinipa pembe ya kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni, kipande cha mti kilichotobolewa katikati, akaniambia niipashe joto kwapani kabla ya kumwekea mtu. Msichana akishtuka kwa baridi ya pembe, alisema, siku hiyo hatakuambia kitu tena. Mashine za kusikilizia zilikuja baadaye, zenye betri, na betri zilipoisha hazikuja nyingine. Pembe ile ninayo hadi leo.

Nyuma ya mlango wake alikuwa amebandika kalenda ya shule, na mimi nilidhani ni ya mtoto wake. Fomu yetu inauliza tarehe ya hedhi ya mwisho. Mwanamke mzima anaweza kuikumbuka. Msichana wa darasa la saba haikumbuki, na ukimkazania atakupa tarehe yoyote ili umwache. Sista Igoki hakuuliza tarehe. Aliuliza kama shule zilikuwa zimefungwa au zimefunguliwa, kama mitihani ilikuwa imeanza, kama ilikuwa kabla ya michezo ya wilaya au baadaye. Kisha aligeuka, akaangalia kalenda, akahesabu wiki. Alikosea mara chache sana, na mimi nimetumia njia hiyo miaka yote.

Halafu kulikuwa na mstari. Kijiti cha kupimia urefu kilikuwa kimevunjika kabla sijafika. Sista Igoki alikuwa amepima mita moja na nusu kwenye mwimo wa mlango kwa futi ya fundi cherehani, akachora mstari kwa rangi nyekundu ya kucha. Aliyepita chini ya mstari huo aliandikiwa kitabuni kwa kalamu nyekundu asizalie kwetu. Azalie hospitali kubwa yenye chumba cha upasuaji, kwa sababu nyonga zake huenda ni nyembamba. Nilimwambia kijiti kipya kinaweza kuagizwa. Akaniambia mtu ukimsimamisha kwenye kijiti hujinyoosha, lakini mlangoni hakuna anayejinyoosha.

Alipostaafu na kurudi kwao kutunza kahawa, aliniachia pembe, kalenda na mstari. Mstari nilikuwa nikiupaka upya kila Januari kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Mke wangu alichukua miaka miwili kuamini kwamba rangi hiyo haiendi kwa mtu mwingine.

Sasa nije kwa Wawira.

Wawira alikuja wakati mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa kliniki, na nilikuwa nimekaa hapo miaka mingi kiasi cha kujiamini kupita kiasi. Alikuja na mamake. Mama Wawira nilimjua vizuri, maana watoto wake wote wanne niliwachanja mimi. Asubuhi alifulia watu nguo Majimbo, jioni aliuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, huko Dallas. Wawira alikuwa kifungua mimba wake, miaka kumi na minne, darasa la nane. Aliingia mlangoni utosi wake ukiwa vidole viwili chini ya mstari, akakaa akiangalia viatu vyake.

“Daktari, nimekuja na shida,” Mama Wawira alisema. “Lakini iko na dawa, ukinisaidia.”

Dawa yenyewe ilikuwa kitambulisho chake. Alikiweka mezani mbele yangu. Ili msichana ajifungue bila malipo kulihitajika kitambulisho, na wa miaka kumi na minne hana. Kanuni iliruhusu cha mzazi kitumike, jina la msichana likibaki kitabuni. Mama Wawira alitaka zaidi ya hapo.

“Andika jina yangu. Kila kitu. Huyu mtoto ni wangu.”

“Mama Wawira, wewe huna mimba.”

“Nani anajua? Mimi ni mnene, nimejifunga leso na sweta mwaka mzima. Huyu akianza kuonekana nampeleka kwa cucu, nyanya yake, huko Mbeere. Akizaa msichana, ataitwa nani? Si ataitwa mimi?”

Hapo alikuwa na haki. Kwao Embu, kama kwetu Meru, mtoto huitwa jina la mtu wa ukoo, na msichana asiyeolewa, binti yake wa kwanza huitwa jina la mamake yule msichana. Jina la Mama Wawira mwenyewe lilikuwa Marigu.

“Atakuwa Marigu,” aliendelea. “Kwa nyumba ataniita mama. Huyu atamwita Wawira tu, kama wale wengine. Sasa karatasi ikikataa, inakataa nini? Halafu kuna shule. Kitabu ikisema Wawira, kuna mtu ataisoma. Huko Dallas hata karatasi ya kufunga mandazi inasomwa.”

Ilikuwa hoja nzuri kuliko nyingi nilizosikia kwenye semina. Nilimuuliza Wawira anaonaje. Mamake akajibu kwamba anaona ni sawa.

Niliwahurumia. Na niseme ukweli, nilijiona mwerevu pia. Niliandika Marigu, miaka thelathini na sita, mimba ya tano. Ukishaandika uongo wa kwanza, unaofuata unakudai uuandike nao, kwa hivyo nilijaza uzazi wa mara nne, wa kawaida, bila shida yoyote. Kwenye nafasi ya urefu niliandika sentimita mia moja sitini na tatu, urefu wa mamake, kwa sababu mia moja arobaini na saba ingemfanya mtu aulize maswali. Kisha nikatoa damu ya Wawira, nikapima presha ya Wawira, nikasikiliza mapigo ya mtoto wa Wawira, nikaandika yote kwenye ukurasa huo huo.

Kwa mdomo nilimwambia mamake kwamba huyu asijaribu kuzalia nyumbani wala kwetu, na mwezi wa tisa arudishwe mjini awe karibu na hospitali kubwa. Kwa kalamu nyekundu sikuandika kitu. Mwanamke wa sentimita mia moja sitini na tatu aliyezaa mara nne haandikiwi kwa kalamu nyekundu.

Na sikuuliza baba wa mtoto ni nani. Sheria ilinitaka niulize, na niripoti, lakini mamake alikuwa amekaa hapo hapo. Nilijiambia nitauliza siku nyingine. Siku hiyo nyingine mamake alikuja tena, na ile iliyofuata pia. Mara zote tatu Wawira hakuniambia neno zaidi ya kwamba mtoto anacheza upande wa kulia.

Uchungu ulimshika asubuhi, akiwa amesharudishwa kutoka Mbeere, Mama Wawira akiwa amekwenda mazishi Siakago, simu yake imezimika. Jirani alimpeleka Wawira hospitali kubwa na kitabu chake mkononi. Mimi sikuwepo, haya yafuatayo nilisimuliwa na sista wa leba. Alikisoma kitabu, akamwangalia msichana, akakisoma tena.

“Hii kitabu ni ya nani?”

“Ni yangu.”

“Wewe ndio Marigu?”

“Ndio.”

“Uko na miaka ngapi?”

“Thelathini na sita,” Wawira alisema.

Alikuwa amefundishwa, na alikuwa mtoto msikivu. Sista akafanya jambo ambalo hata mimi ningelifanya. Alikifunga kitabu, akakiweka dirishani, akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa amekuja na kitabu cha mtu mwingine. Kwa hiyo kila kilichokuwa kweli ndani yake kiliwekwa dirishani pamoja na uongo: kundi lake la damu, upungufu wake wa damu niliokuwa nikiutibu, presha iliyoanza kupanda mwezi wa nane. Walimwomba namba ya simu ya mamake. Akasema hana mama. Angesema nini, na mama ndiye yeye kitabuni?

Kufikia saa nne ilionekana wazi kwamba mtoto amekwama. Daktari alitaka kumpasua. Sheria inamruhusu kufanya hivyo bila sahihi ya mzazi ikiwa ni dharura, lakini mbele yake alikuwa na mtoto wa kike aliyepauka, presha iko juu, na hakuna aliyejua hali hiyo imeanza lini wala amekuwa akipewa nini. Walikuwa wanaanza kupima kila kitu upya. Ndipo yule sista alipokumbuka kuna namba ya simu ya kituo kwenye jalada la kitabu.

Nilipokea nikiwa na mwanamke kitandani na pembe sikioni.

“Hapa ni leba,” alisema. “Kuna msichana hapa na kitabu yenu. Anasema yeye ni Marigu. Nani aliandika hii kitu?”

Nilinyamaza. Nataka mjue kwamba nilinyamaza, na kwamba kwa muda huo nilifikiria barua ya kuitwa mbele ya wakubwa kabla sijamfikiria Wawira. Naona aibu kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

“Ni mimi,” nikasema. “Shika kalamu. Jina si lake. Miaka si yake, ako na kumi na nne. Urefu si wake. Hajawahi kuzaa. Damu ni yake, yote, kundi na kiwango. Presha ni yake. Tembe za damu ni yeye amekuwa akimeza.”

“Damu uko na uhakika?”

“Niliitoa na mkono wangu.”

Alikata simu bila kuaga. Nilimwambia mwanamke aliyekuwa kitandani avae, nikatoka mbio nikiwa bado na pembe mfukoni.

Wote wawili waliishi. Nasema mapema ili msisome kwa haraka. Wawira alipoteza damu nyingi, na ya kumwongezea ilikuwa tayari kwa sababu waliitafuta tangu simu ile. Mtoto wa kike alitoka amechoka, wakamsaidia kupumua, akalia baada ya muda ambao wote waliokuwa mle waliuona mrefu. Nilikaa kwenye benchi la korido na jirani aliyemleta. Alinipa uji kwenye kifuniko cha chupa, nikanywa, maana sikuwa na kazi nyingine pale.

Siku ya pili, kabla Mama Wawira hajafika kutoka mazishini, afisa wa ustawi wa jamii alikaa na Wawira wawili tu wodini. Alimuuliza alichopaswa kumuuliza, na Wawira akamjibu. Ilichukua dakika kumi. Baba wa mtoto alikuwa mpangaji wa ploti yao hiyo hiyo, mtu mzima, mwenye kazi. Kwa miezi mitano tangu nilipokiandika kitabu kile, kila Wawira alipokuwa mjini, mtu huyo alikuwa akichota maji kwenye bomba moja naye. Polisi walipofika chumba kilikuwa kitupu, hata misumari ya pazia alikuwa ameing'oa. Alikuwa amehama wiki mbili kabla. Hajapatikana mpaka leo ninapoandika, na muda wa kuhama nilimpa mimi.

Mama Wawira alifika mchana na ucuru wa mwere kwenye kitungi, uji wa mawele anaopewa mama aliyejifungua. Alikuta muuguzi wa wodi anajaza karatasi ya kuzaliwa mtoto na mimi nimesimama hapo. Kwenye jina la mama kulikuwa kumeandikwa Wawira. Kwenye jina la mtoto, Marigu. Hilo moja alilipata.

“Umenianika, daktari,” aliniambia. Alimnywesha binti yake uji, akamfuta mdomo, na hakuniangalia tena.

Nilipewa onyo la maandishi, nililolistahili. Lakini kilichonikaa kichwani zaidi ya onyo ni zile dakika kumi. Nilikuwa nimemwona Wawira mara tatu na sikuwahi kuzitafuta.

Sasa mhuri. Ukimwambia mama atoke nje ili uongee na binti yake, umemwambia kwamba kuna jambo. Hatatoka, au atatoka akiwa ameshamfinya mtoto mkono, na mtoto hatakuambia kitu. Mama anatakiwa awe na shughuli. Kituo chetu kina madirisha matatu mbele. La kwanza ni la kujiandikisha, la pili ni la dawa. La tatu lilikuwa la kupokelea stakabadhi zamani, na karani wake, Njiru, alibaki hapo kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumhamisha. Nilimweleza Njiru ninachotaka. Alifungua droo, akatoa mhuri wa zamani na kisahani cha wino.

Kuanzia hapo, kila msichana aliyekuja na mtu mzima, nilimwambia huyo mtu mzima apeleke kitabu dirisha la tatu kigongwe mhuri ndipo niendelee. Njiru alikuwa hodari kuliko nilivyotarajia. Alitafuta miwani, akatafuta wino, akajaribu mhuri kwenye karatasi chakavu, akauliza mvua imefika wapi upande wa kwao. Zilikuwa dakika kumi, na kama mama anatoka upande mmoja na Njiru, kumi na tano. Ndani mimi nilikuwa nimepasha pembe kwapani. Niliuliza maswali machache na nikasubiri. Kuna walionitajia jina, nikaripoti kwa simu mama akiwa bado anaulizwa mvua. Kuna mmoja aliyeniomba anyamaze tu mpaka mamake arudi, kwa sababu nyumbani hakuna mahali pa kunyamaza. Wengi hawakusema kitu siku ya kwanza, wakasema siku ya tatu.

Kwa hiyo Kagendo, mhuri hauna kazi yoyote ofisini. Ukiuona, jua kwamba msichana huyo aliwahi kukaa mahali peke yake na mtu akamuuliza. Na ukiandika, andika cha yule aliyekaa mbele yako.

Mama Wawira hakunisemesha kwa miaka minane. Mtoto alimleta kwa chanjo zote, kwa wakati, na kila mara siku ambayo mimi nilikuwa mapumziko. Habari nilizipata kwa wengine. Wawira alirudi shule, si ile ya kwanza, akamaliza kidato cha nne, akapata kazi kwenye duka la nafaka. Nyumbani mambo yalikwenda kama mamake alivyosema: mtoto alimwita bibi yake mama, na mamake mzazi akamwita Wawira tu.

Walikuja wiki yangu ya mwisho kazini, wote watatu. Wawira alikuwa na miaka ishirini na miwili, ameolewa na fundi wa kuchomelea milango, na tumbo lilikuwa limeanza kuonekana. Marigu mdogo alikuwa na sweta ya shule na pengo la meno mawili. Mama Wawira alisimama mlangoni, akanitazama kutoka kichwani mpaka viatuni.

“Daktari, umezeeka.”

“Ndio maana wananifukuza.”

“Haya. Wacha niende dirisha la tatu.”

“Mama Wawira, huyu ni mtu mzima. Mhuri hauhitajiki.”

“Hiyo mhuri haijawahi kuhitajika,” alisema. “Sisi wote huko Dallas tunajua. Tunaendanga tu.”

Akaondoka na mkoba wake. Nilikaa nikiangalia mlango. Miaka yote nilidhani mimi na Njiru tunawachezea akina mama wa Dallas. Nilifurahi, nikaona haya, na sikuwa na muda wa kuamua kipi kimezidi.

Nilifungua kitabu kipya. Jina, Wawira. Miaka, ishirini na miwili. Mtoto alikuwa ukutani anaangalia picha ya hatua za kunawa mikono. Nilimuuliza Wawira swali linalofuata, ambalo nimewauliza wanawake kila siku ya kazi maishani mwangu, mimba ni ya ngapi. Aliinama kwangu akashusha sauti.

“Nimemleta makusudi. Bwanangu anajua, nilimwambia kabla atume wazee kwetu. Ni huyu ndio hajui. Nimejaribu kwa nyumba nikashindwa kuanza. Nikasema, pale kliniki lazima nitaulizwa.”

“Na mamako?”

“Ameniambia niende nimalize. Yeye hawezi kukaa akisikia.”

“Basi nitauliza tena.”

“Uliza.”

“Mimba ya ngapi?”

“Ya pili,” Wawira alisema, na sasa alisema kwa sauti ya kusikika.

“Wa kwanza yuko hai?”

“Yuko.”

“Alizaliwa wapi?”

“Hospitali kubwa. Nilipasuliwa.”

“Anaitwa nani?” Hilo fomu haiulizi. Niliuliza mimi.

“Anaitwa Marigu.”

Mtoto aligeuka aliposikia jina lake. Alimwangalia Wawira, akaniangalia mimi, akaja mezani. Nilikuwa nimeandika kama ninavyoandika siku zote, jina la mama juu, watoto waliotangulia chini yake. Aliweka kidole chini ya maneno, akayasoma polepole kwa mdomo, kama wanavyofundishwa. Alipofika mwisho alirudi juu, akasoma tena.

“Ni mimi huyu?”

“Ni wewe,” Wawira alisema.

“Na mama?” aliuliza, akielekeza kidole nje, upande wa madirisha.

“Yule ni mama yangu. Na wewe ni wake pia. Haendi mahali.”

Marigu alifikiri. Hakulia, na mimi nilikuwa nimejitayarisha kwa kilio. Alisogea akaegemea goti la Wawira, si kwa nguvu, kama mtu anayejaribu kiti. Wawira aliweka mkono kichwani pake na akauacha hapo. Mimi ndiye niliyelazimika kutafuta kitambaa.

Kazi ilikuwa bado haijaisha. Nilichukua kalamu nyekundu, nikaandika kwamba ana kovu la upasuaji na ajifungulie hospitali kubwa. Ilibaki nafasi ya urefu. Kijiti kipya kilikuwa pale pembeni, lakini nilimwomba Wawira asimame mlangoni, penye mwimo. Alisimama, na mtoto akasimama kando yake ajipime naye. Nilisogea na futi.

Mstari ulikuwa chini ya utosi wa Wawira. Nilidhani nimekosea, nikapima mara ya pili. Vidole viwili juu ya mstari, sentimita mia moja hamsini na tatu. Siku ile alipokaa mbele yangu akiangalia viatu vyake, alikuwa na mia moja arobaini na saba.

Niliandika urefu wake mwenyewe. Alikuwa ameongezeka sentimita sita tangu nilipomwandikia urefu na umri wa mamake, na mtu wa miaka thelathini na sita harefuki.